MOSHI HAUTOI STAKABADHI

Ndugu wafanya kazi,

Karatasi hii twaielekeza kwa ndugu zetu wa zimamoto, na kwa kila mfanya kazi wa Matuga ambaye kazi yake ni kupakimbilia mahali ambapo wenzake wanapakimbia. Tuna habari ya ugonjwa wa kansa, ambao wengine huuita saratani, na habari ya malipo anayostahili mtu aliyeupata kwa ajili ya kazi. Si habari ya kufurahisha. Lakini chama hakikuundwa kwa ajili ya chai na gwaride la Siku ya Wafanya Kazi. Kiliundwa ili kiseme maneno ambayo mtu mmoja akiyasema peke yake hasikilizwi.

Neno letu ni hili. Mzima moto akipata kansa ya namna ambayo wataalamu wa dunia wamekwisha kusema kwamba kazi yake huileta, sheria ya Kenya na imhesabu kuwa ameipata kazini. Anayekataa ndiye alete ushahidi. Hivi leo mambo yamegeuzwa: mgonjwa aliyelala kitandani ndiye anayetakiwa athibitishe ni moshi gani uliomdhuru, wa moto gani, wa siku gani. Nasi twauliza: ni nani aliyewahi kuona moshi ukitoa stakabadhi?

KINACHOUNGUA SIKU HIZI

Zamani nyumba ya kwetu ilikuwa ya udongo, boriti na makuti. Ikiungua ilikuwa hasara kubwa, lakini kilichoungua kilikuwa mti na majani. Leo tazameni ndani ya nyumba ya mfanya kazi wa kawaida, awe anakaa Ng'ombeni, Waa, Tiwi au Kombani. Mna godoro la sponji, viti vya plastiki, zulia la nailoni, televisheni, nyaya za umeme na ndoo. Dukani mna matairi, rangi na dawa za kunyunyizia. Hoteli za Diani nyingi bado zina paa la makuti, lakini chini ya makuti hayo vyumba vimejaa vitu vya viwandani. Na katika nchi yetu ziko bado nyumba za zamani zilizoezekwa kwa asbestosi, kitu ambacho kanuni za taka za mwaka 2006 zilikiweka katika orodha ya taka za hatari.

Vitu hivi vikishika moto, moshi wake si moshi wa kuni za jikoni. Ndani yake mna benzeni, mna fomaldehaidi, mna masizi, na paa likiwa la asbestosi mna nyuzi zake ndogo zisizoonekana kwa macho. Vyote hivyo vinne, yaani benzeni, fomaldehaidi, masizi na asbestosi, wataalamu wamekwisha kuviweka katika daraja la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Maana ya daraja la kwanza ni kwamba hakuna tena shaka.

Asidanganywe mtu kwamba habari hii ni mpya. Mwaka 1775 daktari mmoja wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba watu waliosafisha dohani tangu utotoni walikuwa wakipata kansa ya mfuko wa korodani kwa sababu ya masizi. Hiyo ndiyo kansa ya kwanza ya kazini iliyojulikana katika vitabu vya madaktari. Yapata miaka 250 imepita. Masizi ni yale yale.

Na juu ya kazi ya kuzima moto yenyewe, neno limekwisha kutolewa. Liko Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, na makao yake ni mji wa Lyon, Ufaransa. Mwaka 2007 shirika hilo lilisema kwamba huenda kazi ya kuzima moto inaleta kansa. Wakaendelea kukusanya habari. Juni 2022 wataalamu 25 kutoka nchi 8 walikutana tena, na mara hii "huenda" ikaondolewa. Walisema kazi ya kuzima moto inaleta kansa kwa binadamu, na wakaiweka daraja la kwanza. Walitaja kansa mbili zenye ushahidi wa kutosha: kansa ya kibofu cha mkojo, na mesotelioma, ambayo ni kansa ya utando unaofunika mapafu na viungo vingine vya ndani. Wakataja na nyingine ambazo dalili zake zipo lakini hazijatimia, kama ya utumbo mpana, ya tezi dume na ya korodani.

Fahamuni vizuri, ndugu. Hawakusema moshi fulani. Hawakusema kemikali fulani. Walisema kazi. Ile kazi ambayo mtu huajiriwa, hupewa kofia na kitambulisho, akaingia zamu. Kazi yenyewe ndiyo iliyowekwa daraja la kwanza.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Wazee waliposema hivyo walikuwa wanasema kwa fumbo. Kwa mzima moto si fumbo hata kidogo.

Moto ukizimwa, watu hudhani hatari imekwisha. Haijaisha. Masizi yameshika koti, glavu, kofia na shingo. Sumu yake hupita katika ngozi, na mwili ukipata joto na jasho hupita upesi zaidi. Ndugu yetu hupanda gari na nguo zile zile, hurudi kituoni, na asipokuwa na nguo za pili hukaa nazo mpaka mwisho wa zamu. Kisha huzipeleka nyumbani. Huko hufuliwa katika beseni moja na nguo za watoto. Basi mwajiri ameajiri mtu mmoja, lakini sumu imekwenda kwa nyumba nzima.

Kituoni kwenyewe, gari likiwashwa ndani ya banda, moshi wa dizeli hujaa. Moshi huo nao uliwekwa daraja la kwanza mwaka 2012. Na katika povu za kuzimia moto wa mafuta, ziko za namna ya zamani zilizokuwa na kemikali iitwayo PFOA, ambayo mwaka 2023 iliwekwa daraja hilo hilo.

Hapa tuna neno na baadhi ya ndugu zetu wenyewe. Wako wanaojivunia koti jeusi, na wakimwona kijana amevaa barakoa ya hewa mpaka mwisho wa kazi humcheka kuwa ni mwoga. Huo si ushujaa. Askari haendi vitani akaiacha ngao nyumbani ili asifiwe. Mjane haulizwi sokoni mumewe alikuwa shujaa kiasi gani. Huulizwa ana shilingi ngapi.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria tunayoitegemea ni Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini ya mwaka 2007, ile ambayo watu huiita WIBA. Iliiondoa sheria ya fidia tuliyorithi kutoka kwa wakoloni, Sura ya 236. Yahusu wafanya kazi wa serikali sawasawa na wa makampuni. Majeshi ndiyo yaliyoachwa nje. Mzima moto wa kaunti yumo ndani.

Sheria hii ina mambo mema, na kila mwanachama ayajue. Yamtaka mwajiri awe na bima. Yamtaka alipe gharama za kutibiwa mtu aliyeumia kazini. Na mtu akipata ulemavu wa daima, hesabu yake ni mishahara ya miezi 96. Tuseme kwa mfano wa hesabu tu kwamba mtu anapata shilingi 30,000 kwa mwezi. Akihukumiwa kuwa amelemaa asilimia mia, mara 96 ni shilingi 2,880,000, kabla ya kutazama viwango vya chini na vya juu ambavyo Waziri ana uwezo wa kuviweka. Hizo si fedha za kutajirika. Lakini ni shule ya watoto, ni paa juu ya kichwa, ni nauli ya kivuko na matatu ya kwenda hospitali na kurudi.

Sasa tazameni mlango unavyofungwa. Sheria hii ina jedwali la magonjwa ya kazi. Jedwali hilo limetengenezwa kama daftari la duka: upande mmoja limeandika ugonjwa, upande wa pili limeandika kazi au kitu kinachouleta. Ugonjwa wako na kazi yako vikikutana katika mstari mmoja, njia yako ni nyepesi. Visipokutana, umebaki na mzigo wa kuthibitisha. Na kazi ya kuzima moto haina mstari wake humo.

Basi mwenye mesotelioma ataambiwa: "Sawa, asbestosi huleta ugonjwa huu. Lete ushahidi kwamba wewe ulivuta asbestosi." Atauleta wapi? Mesotelioma huchukua miaka 20, hata 40 na zaidi, kabla ya kuonekana. Nyumba iliyoungua imekwisha kujengwa upya. Mkubwa wa zamu amekufa. Kitabu cha kituo kimeliwa na mchwa, tena kiliandika tu "moto wa nyumba, umezimwa." Yeye mwenyewe amekwisha kustaafu akiwa na miaka 60, na anayekaa katika kiti cha ofisi leo alikuwa mtoto wa shule wakati ule. Mtu aliyeanguka kutoka ngazini anaijua siku, saa na ngazi. Mwenye kansa aitaje siku gani?

Na juu ya hayo, tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Hatupingi watu kuchangiana katika ugonjwa. Lakini angalieni jambo hili: kansa ya kazini ikikataliwa kuitwa ya kazini, mgonjwa hupelekwa kwenye bima hiyo, nayo ina kikomo chake kwa mwaka. Yaani sheria yasema mwajiri ndiye alipe matibabu ya mtu aliyeumizwa na kazi. Lakini kwa sababu ya stakabadhi isiyokuwapo, mfanya kazi anajilipia mwenyewe kwa makato yake, na kikomo kikifika anauza mbuzi, kisha anauza shamba, kisha watoto wanapitisha bakuli msikitini na kanisani. Na mwajiri amekaa kimya, hana deni.

MANENO YA KUTUPOTEZA

Twayajua majibu tutakayopewa, maana si mageni. Afadhali tuyajibu mapema.

Wa kwanza atasema: "Kansa hupata kila mtu, hata mkulima wa Mkongani ambaye hajaona gari la zimamoto." Ni kweli. Na mguu huvunjika hata kwa mtu aliyekuwa akitembea njiani. Lakini fundi akivunjika mguu juu ya jengo hatumwambii kwamba miguu huvunjika popote. Hatudai kila kansa ya kila mtu. Twadai zile zilizotajwa na wataalamu, kwa mtu aliyetumika miaka kadhaa iliyowekwa. Na mwajiri akiwa na ushahidi wa kweli kwamba ugonjwa ulitoka mahali pengine, mlango wa kuuleta uko wazi. Twachotaka ni yeye aende kuutafuta, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ofisi, mwanasheria na mafaili.

Wa pili atasema: "Alikuwa akivuta sigara." Wengine walivuta, wengine hawakuvuta hata moja. Lakini mesotelioma haiji kwa sigara. Na kama sigara moja ni mbaya, basi mtu aliyevuta moshi wa godoro na tairi kwa miaka 20 kwa amri ya mwajiri tumwambie nini?

Wa tatu atasema kwa upole: "Ni kadari ya Mungu." Sisi watu wa pwani ni watu wa dini, na kadari twaiamini. Lakini mbona kadari haitajwi wakati wa kukata kodi? Uhai na mauti ni vya Mungu. Koti la pili, barakoa na malipo ya mjane ni vya mwajiri. Asimsingizie Mungu deni lake.

Wa nne, naye ndiye mkubwa wao, atasema: "Fedha hakuna." Ndugu, hesabu ya kansa hailipwi siku moja kwa watu wote. Wazima moto wa kaunti si jeshi kubwa. Na fedha zinalipwa hata sasa. Swali ni nani anayezilipa. Hivi sasa zinalipwa na mke anayeacha biashara yake ya mihogo na samaki ili akae hospitalini, na mtoto anayetolewa shule. Tunapoambiwa fedha hakuna, maana yake ni kwamba fedha zinatoka katika mfuko usioweza kukataa.

Wa tano atatupa mpira. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka kazi ya kuzima moto na kushughulikia maafa mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria ya fidia nayo ni ya Bunge la Nairobi. Ukienda kaunti waambiwa jedwali ni la Nairobi. Ukienda Nairobi waambiwa zimamoto ni wa kaunti. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Sisi twasema kila tembo ana mzigo wake. Nairobi ibadilishe jedwali. Kaunti ilinde watu wake, iandike kumbukumbu, na isingoje kulazimishwa na mahakama.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Asiseme mtu kwamba twaomba mwezi ushuke.

Manitoba, jimbo la Kanada, lilipitisha mwaka 2002 sheria ya kuwahesabu wazima moto wenye kansa fulani kuwa wameipata kazini. Australia ilifanya hivyo kwa wazima moto wa serikali kuu mwaka 2011. Waliandika orodha, na kando ya kila kansa wakaandika miaka ya utumishi: kansa ya ubongo miaka 5, ya kibofu miaka 15, na kadhalika. Hakuna maneno mengi. Umetumika miaka hiyo, una ugonjwa huo, basi ni wa kazini, mpaka mwajiri athibitishe vingine. Ni sheria ambayo hata mtu wa darasa la saba aweza kuisoma na kuielewa.

Tazameni na New York. Siku ya tarehe 11 Septemba 2001 wazima moto 343 wa mji ule walikufa katika yale majumba marefu mawili. Waliobaki walifanya kazi katika kifusi miezi mingi, ndani ya vumbi. Kisha wakaanza kuugua. Haikuwa rahisi: sheria ya kuwatibu na kuwalipa ilitiwa sahihi Januari 2011, karibu miaka kumi baada ya tukio, na kansa ziliongezwa katika orodha ya magonjwa mwaka 2012. Mwaka 2015 huduma ya matibabu ikaongezewa muda mpaka mwaka 2090. Na Septemba 2023 idara yao ya zimamoto ilitangaza kwamba waliokufa kwa maradhi ya kazi ile walikuwa wamefika 343, sawasawa na waliokufa siku yenyewe. Moto uliua mara mbili: mara ya kwanza mchana mbele ya kamera, mara ya pili polepole, kitanda baada ya kitanda. Mara ya kwanza iliandikwa na kila gazeti duniani. Mara ya pili ingesahauliwa kama wafanya kazi na vyama vyao hawangebisha hodi bila ya kuchoka.

Labda mtu atasema hao ni matajiri. Haya, tuvuke Lunga Lunga tu. Tanzania walitunga mwaka 2008 sheria ya fidia kwa wafanya kazi, na Mfuko wao wa Fidia ukaanza kazi mwaka 2015. Waajiri wa serikali na wa makampuni huchangia wote katika mfuko mmoja, na mfanya kazi aliyeumia hudai katika mfuko huo. Hatusemi kwamba mfuko hauna kasoro. Twasema kwamba jirani yetu, ambaye si tajiri kutushinda, ameacha mtindo wa kumfanya mfanya kazi mmoja mgonjwa kupambana na mwajiri wake mwenyewe na kampuni ya bima. Kwetu mtindo huo bado upo.

TUNAYOYADAI

Kwanza: kazi ya kuzima moto na uokoaji iandikwe katika jedwali la magonjwa ya kazi, ikianza na kansa ya kibofu na mesotelioma, na orodha iongezwe kadiri ushahidi unavyotimia. Kando ya kila ugonjwa iandikwe miaka ya utumishi.

Pili: haki hii imfuate mtu hata baada ya kustaafu, na hesabu ya muda wa kudai ianze siku daktari alipoutaja ugonjwa, bila ya mabishano. Kansa haisomi barua ya kustaafu.

Tatu: kila mzima moto apimwe na daktari kila mwaka kwa gharama ya mwajiri, na baada ya kustaafu aendelee kupimwa. Kansa ya kibofu ikigunduliwa mapema hutibika, ikichelewa hukata.

Nne: kila mtu awe na nguo za moto jozi mbili na barakoa yenye mtungi wa hewa. Nguo zifuliwe kituoni, zisiende nyumbani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, hatuombi hisani.

Tano: vibarua na wa mkataba wa muda wahesabiwe sawa na wa kudumu. Moshi hauulizi mtu ameajiriwa kwa masharti gani.

Sita: wafanya kazi wa hoteli waliopewa kazi ya kuzima moto juu ya kazi yao ya kila siku, nao watambuliwe. Na serikali iweke mpango kwa wale wanaojitolea bila ya mshahara, vijana wa mtaani na wa bodaboda wanaofika na ndoo na mchanga kabla ya gari lolote, kwani sheria ya sasa yamjua mwajiriwa tu.

TUSINGOJE

Mambo haya yatachukua muda Bungeni. Lakini liko jambo moja ambalo halihitaji Bunge, wala Gavana, wala shilingi ya mtu. Kama wanataka stakabadhi, tuwape stakabadhi.

Kila mzima moto anunue daftari la shule. Kila moto aandike: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, mahali, kilichoungua, paa lilikuwa la nini, alivaa barakoa au hakuvaa na kwa nini, na majina ya wenzake wa zamu. Kisha wenzake wawili watie sahihi. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Kila mwisho wa mwezi katibu wa tawi atanakili karatasi hizo na kuziweka mahali pakavu. Mtu akistaafu, nakala ziende naye nyumbani na nyingine zibaki chamani. Miaka 20 ijayo, daftari la shilingi chache laweza kuwa ndilo litakalosimama mbele ya Mkurugenzi kumsemea mtu asiye na nguvu ya kusimama.

Na aliyekwisha kuugua asikae nyumbani kwa aibu. Aje chamani, au amtume mwanawe. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 3 Desemba 2019, madai ya kuumia kazini huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, hayaanzii mahakamani. Mkurugenzi akikataa, una siku 60 za kumpelekea pingamizi. Akiishikilia hukumu yake, una siku 30 za kukata rufani kwenye Mahakama ya Ajira na Kazi. Siku hizo zikipita, haki imekwenda na maji. Kwa hiyo ukipewa barua, usiitie mfukoni. Ilete siku ile ile.

Na palipo na wafanya kazi 20 au zaidi, sheria yataka iwepo kamati ya usalama na afya, wafanya kazi wakiwa na wajumbe wao. Ulizeni: kwenu ipo? Imekutana lini? Nani anawasemea? Kama haipo, hilo ndilo liwe swali la kwanza katika mkutano ujao.

Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa majumbani, waligoma kwa pamoja. Hawakuwa na Katiba ya kuwalinda wala Mahakama ya Kazi. Walichokuwa nacho ni kwamba walisimama pamoja, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuunda baraza la kuchunguza mishahara chini ya Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa. Sisi leo tuna sheria, tuna mahakama, tuna haki ya kuafikiana kwa pamoja na mwajiri. Jedwali la sheria si Msahafu wala Biblia. Liliandikwa na watu, na watu waweza kuliongeza mstari mmoja.

Katika mazungumzo yajayo na mwajiri, dai la nne na la tatu tutayaweka mezani kabla ya dai la posho. Posho huliwa ikaisha. Dai la jedwali tutalipeleka kwa Mbunge wetu wa Matuga na kwa Wizara ya Kazi, kwa barua yenye sahihi za wanachama wote, si za viongozi peke yao. Karatasi ya kutia sahihi iko kwa katibu. Anayejua kuandika aandike. Asiyejua aweke dole gumba.

Ndugu, nyumba ikishika moto usiku huko Golini au Tiwi, hakuna anayemuuliza mzima moto alete ushahidi kwamba moto ni wa kweli kabla hajaingia. Huingia. Twataka naye akiugua asiulizwe zaidi ya hapo.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzio. Na daftari, lianze leo.